Alice in Chains: nianze na albamu ipi, na kwa nini gitaa langu linapishana na rekodi?

Swali: "Mtaalamu, shikamoo. Nipo Morogoro, napiga gitaa kwenye kwaya ya kanisani. Rafiki alinitumia wimbo wa Nutshell wa Alice in Chains, nikaupenda mno. Nikatafuta albamu yao inayosifiwa kuliko zote, Dirt, nikaisikiliza kwenye simu: kelele tupu, nikaachia wimbo wa tatu. Nilikosea wapi? Zile albamu za baada ya mwimbaji wao kufariki zina thamani yoyote? Na mbona nikijaribu kupiga pamoja na rekodi gitaa langu linapishana nazo, ingawa nimelityuni sawasawa?"

Marahaba. Albamu uliyoichagua ndiyo bora yao, ila umeiingilia mlango wa nyuma, tena kwa spika ya simu. Nutshell haimo kwenye Dirt. Imo kwenye Jar of Flies, albamu fupi ya nyimbo 7 iliyotoka Januari 1994. Bendi hii ilikuwa na mikono miwili: mmoja wa umeme na uzito, mwingine wa magitaa makavu na utulivu, na anayeupenda mkono mmoja akikutana na wa pili bila kuonywa hudhani ameletewa bendi nyingine. Kinachoiunganisha mikono hiyo ni sauti mbili za waimbaji, Layne Staley na Jerry Cantrell. Zizoee kwanza mahali palipo kimya, kisha utazisikia zenyewe hata zikifunikwa na kelele. Mpangilio wote nitakaokupa umejengwa juu ya jambo hilo moja.

Kwanza uwajue. Bendi ilianzia Seattle, Marekani, mwaka 1987: Staley akiimba, Cantrell kwenye gitaa na sauti, Mike Starr kwenye besi, Sean Kinney kwenye dramu. Mwaka 1993 Starr alitoka akaingia Mike Inez, aliyekuwa akimpigia Ozzy Osbourne, mwimbaji wa hevi metali. Staley alifariki Aprili 2002, na mwaka 2006 akaingia William DuVall. Watu huwaweka kapu moja na Nirvana na Pearl Jam kwa sababu ya mji na miaka, lakini mizizi yao ni hevi metali. Mwaka 1991 walizunguka Marekani kwenye ziara moja na Slayer, Megadeth na Anthrax, na mashabiki wa bendi hizo si watu wa kuwavumilia wageni laini. Kwa hiyo ukiifikia Dirt ukitegemea roki ya kawaida ya redioni, lazima ikugonge kichwani.

Anza na Jar of Flies yote, usiishie kwenye Nutshell. Ni dakika 30 na ushei. Waliirekodi Septemba 1993 katika studio ya London Bridge, Seattle, kwa muda wa wiki moja hivi, wakiwa wameingia bila nyimbo zilizokamilika. Walikuwa wametoka ziarani, na nyumba waliyopanga imeshawaponyoka kwa kodi kutolipwa. Haraka hiyo ilizaa faida. Hapakuwa na muda wa kurundika gitaa juu ya gitaa, kwa hiyo kila chombo kina nafasi yake na unasikia hata vidole vikiteleza kwenye nyuzi. Ilikuwa EP (albamu fupi) ya kwanza kuingia chati ya albamu ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, moja kwa moja katika namba 1. Jina lake lilitokana na jaribio la sayansi la Cantrell akiwa mtoto shuleni: mitungi miwili ya nzi, mmoja wanalishwa kupita kiasi, mwingine wanalishwa kidogo. Walioshibishwa ndio waliozaliana mpaka wakafa kwa msongamano.

Kwa kuwa unatoka kwenye kwaya, una sikio ambalo wengi hawana. Litumie hivi. Chukua No Excuses: sauti mbili zinatembea pamoja karibu wimbo mzima. Mara ya kwanza sikiliza kama kawaida. Mara ya pili ifuate sauti ya chini peke yake, kama unavyomfuata mtu wa besi wakati waimbaji wa tenor wanakuvuta pembeni. Utagundua kwamba hiyo sauti ya pili haikuwekwa kama pambo. Ukiiondoa, unaondoka na nusu ya wimbo. Kisha nenda Don't Follow. Nusu ya kwanza ni Cantrell na gitaa kavu, sauti laini, iliyotulia chini. Baadaye wimbo unakusanya nguvu na Staley anaingia, na hapo tofauti inakuwa wazi: yeye ana mkwaruzo, anazivuta irabu, anazipinda kabla ya kuziachia. Ukishajua nani ni nani, rudi kwenye Nutshell. Staley yuko karibu peke yake pale. Sikio limezoea wawili, sasa limeachiwa mmoja, na nadhani ndiyo sababu wimbo ule unakaa kifuani hata kwa mtu asiyeyafuatilia maneno.

I Stay Away ina vinanda vya upinde, fidla na selo, vilivyopangwa vizuri bila kuutia wimbo sukari. Whale & Wasp haina maneno. Swing on This, wimbo wa mwisho, ni mzaha wa kufungia kikao. Ukiuruka hukosi kitu.

Baada ya hapo chukua Sap, ya Februari 1992, ndogo zaidi: nyimbo nne na mchezo mmoja wa kuchekesha mwishoni. Humo ndimo walimojifunza kuimba taratibu. Ann Wilson wa kundi la Heart anaitikia kwenye Brother na Am I Inside, na kwenye Right Turn wanaingia Chris Cornell wa Soundgarden na Mark Arm wa Mudhoney. Got Me Wrong ndiyo bora humo, na kwa mpiga gitaa wa kwaya ni somo zuri la kubadilisha uzito kati ya ubeti na kiitikio bila kubadilisha mwendo. Jar of Flies na Sap ziliwahi kutolewa pamoja kwenye santuri mwaka 1994, na mpaka leo zinasikika vizuri zikifuatana.

Hatua ya tatu ni daraja, na wengi hulivuka baada ya kushafika ng'ambo: Unplugged. Ilirekodiwa mbele ya watu tarehe 10 Aprili 1996 huko Brooklyn, New York, kwa ajili ya MTV, ikatoka Julai mwaka huohuo. Inakuhusu wewe hasa kwa sababu nyimbo nne za Dirt zimo, zimevuliwa umeme: Down in a Hole, Angry Chair, Rooster na Would?. Zisikilize hapo mpaka melodia zikukae kichwani. Bendi ilikuwa imekaa zaidi ya miaka miwili bila kupanda jukwaani, na Staley alikuwa amedhoofika waziwazi kwa heroini. Kuna mahali unasikia pumzi ikimwishia kabla ya sentensi kwisha. Sludge Factory ilibidi waianze upya kwa sababu alisahau maneno. Hata hivyo sauti ya pili ya Cantrell inamshika mkono kila anapoyumba. Kama umewahi kuona kwaya ikimbeba mwimbishaji mwenye homa, unajua ninachosema. Katikati ya uzito huo wote, Inez aliandika kwenye besi lake maneno ya kuwatania bendi ya Metallica, waliokuwa wamekaa pale ukumbini, kuhusu nywele zao zilizonyolewa.

Sasa ndiyo Dirt.

Nyimbo tatu za mwanzo ni Them Bones, Dam That River na Rain When I Die, zote nzito, hakuna pa kupumzikia. Uliposhindwa ndipo wengi wanaposhindwa. Kwenye baadhi ya matoleo wimbo wa nne ni Down in a Hole, yaani uliondoka mlango ukiwa unafunguliwa. Lakini angalia hapa: mpangilio haufanani kila toleo. Kwenye mengine Down in a Hole imesogezwa hadi karibu na mwisho, kabla tu ya Would?. Toleo la namna hiyo linakunyima pumzi ya mapema, na mtu wa kuanza huchoka. Kagua orodha kabla hujanunua au kupakua. Ikiwa Sickman ni ya nne, unayo hiyo nyingine. Panga mwenyewe upya kwenye simu yako. Halafu zima kabisa uchanganyaji wa nyimbo (shuffle). Baadhi ya programu za bure hukupigia albamu kwa kuivuruga, na Dirt haistahimili hilo. Nusu yake ya pili inafuata mtumiaji wa heroini kuanzia anapojigamba kwenye Junkhead mpaka anapojichukia kwenye Hate to Feel na Angry Chair. Ukivuruga mpangilio unabaki na majigambo yaliyoning'inia hewani, na wapo walioielewa hivyo kana kwamba albamu inasifia dawa. Staley mwenyewe aliumizwa na hilo.

Rooster imesimama pembeni ya hadithi hiyo. Cantrell aliuandika kuhusu baba yake aliyepigana Vietnam; jina la wimbo ni jina la utani la mzee. Would? ni ya kumkumbuka Andrew Wood, mwimbaji wa Mother Love Bone aliyefariki mwaka 1990. Katika huo wa mwisho, beti anaziongoza Cantrell kwa sauti ya chini, kiitikio kinachukuliwa na Staley, na kupokezana huko ndiko kunakoubeba. Wimbo ungekuwa wa kawaida kama mtu mmoja angeuimba wote.

Kuhusu "kelele tupu": uliposikia kelele, kwa kiasi kikubwa ulikuwa unaisikia simu yako. Gitaa lililoshushwa mpaka Re-bemoli (Db) lina waya mnene unaotoa hezi 69 hivi, yaani mitetemo 69 kwa sekunde, na besi chini yake hushuka mpaka hezi 35 au 39. Spika ya simu haitoi kitu cha maana chini ya hezi 200. Kwa hiyo mwili wote wa muziki unakatwa, yanabaki matoazi na ule mkwaruzo wa kati wa distosheni, ambao bila uzito wa chini unasikika kama bati linaloburutwa. Tena gitaa la Dirt si gitaa moja. Prodyuza Dave Jerden na Cantrell walijenga sauti hiyo kwa tabaka, ampu moja ikibeba uzito wa chini, nyingine sauti za kati, nyingine ncha za juu, kisha zikarudiwa kushoto na kulia. Staley naye alirekodi sauti yake mara mbili, mara tatu, akijiitikia mwenyewe. Tabaka hizo zote zikipitishwa kwenye kaspika kamoja zinakuwa uji.

Tumia hedifoni za waya hata za bei ya kawaida, au spika mbili zilizotengana mita moja na nusu hadi mbili, wewe ukiwa katikati na mbele yake, kama ncha ya tatu ya pembetatu. Zima ile "bass boost" na kila kitufe cha "3D". Vinavimbisha chini na kufukia sauti za waimbaji, hasa ile ya pili. Usipandishe sana, anza sauti ya wastani, kwa sababu albamu hii imechanganywa ikiwa imejaa na sikio linachoka mapema. Ikikuchosha, ikate baada ya Rooster, uendelee siku nyingine. Ni dakika 57, na hakuna atakayekudai.

Ukishaimaliza Dirt, wengi watakwambia urudi nyuma kwenye Facelift ya 1990. Mimi nasema nenda kwanza kwenye ile isiyo na jina, Alice in Chains ya Novemba 1995, yenye mbwa wa miguu mitatu kwenye jalada. Mashabiki wengi huiweka nyuma na nadhani wanaikosea heshima. Ilirekodiwa Seattle katika studio ya Bad Animals na prodyuza Toby Wright, yuleyule aliyewarekodi kwenye Jar of Flies. Magitaa yanaburuzika kama tope, na Staley safari hii ndiye aliyeandika maneno mengi, akiimba kwa sauti iliyokwishavunjika lakini iliyopangwa kwa akili nyingi: anajiwekea sauti ya pili na ya tatu mahali ambapo zamani Cantrell angeingia. Ukiwa umefuata mpangilio wangu, utalisikia pengo hilo mara moja. Wawili wale wameanza kuimba kila mmoja upande wake. Grind na Heaven Beside You zinaongozwa na Cantrell, Sludge Factory na Frogs ni za Staley, na Over Now, wimbo wa mwisho, unafunga pazia kwa jina lake tu.

Kasoro yake ni urefu: dakika 65 za mwendo wa kobe. So Close na Nothin' Song zingeachwa nje isingepungua kitu. Isikilize nusu nusu, ukikata baada ya Again.

Facelift ni nzuri, na kihistoria ilitangulia: ilikuwa ya kwanza kati ya albamu za grunge, ile roki ya Seattle, kupewa cheti cha dhahabu Marekani, Septemba 1991. Nyimbo sita za mwanzo ni nguzo. Man in the Box ina ile sauti ya gitaa "linaloongea", inayotokana na kifaa kinachopeleka sauti ya gitaa kwa mpira hadi mdomoni mwa mpigaji, naye anaiumba kwa kinywa mbele ya maiki. Love Hate Love ni ushahidi wa pumzi za Staley akiwa mzima. Kuanzia katikati albamu inapwaya. Put You Down na I Know Somethin ('Bout You) zina harufu ya bendi iliyokuwa bado inavua nguo za roki ya manywele ya miaka ya 1980, na dramu zimejazwa mwangwi wa enzi hiyo. Hata sauti ya pili bado haijakomaa: Cantrell anaitikia kiitikio tu, kama mtu wa akiba.

Kwa albamu za baada ya Staley, jibu fupi ni ndiyo, zina thamani, lakini usizipime kwa kuuliza kama DuVall anamfikia Staley. Hakupewa kazi hiyo. Kwenye studio mambo yaligeuzwa: Cantrell akawa sauti ya kwanza mara nyingi, DuVall akawa wa kumwitikia au wa kutembea naye sambamba. Ndiyo maana sauti ya bendi ilibaki kutambulika, kwani nusu ya upatanisho ule wa zamani ilikuwa yake Cantrell tangu mwanzo. Kilichopotea ni ile tofauti ya laini na mkwaruzo. Sauti mbili zinazofanana zikiitikiana zinapendeza, ila hazikwaruzani.

Black Gives Way to Blue, ya Septemba 2009, ndiyo ya kuanzia. Check My Brain ina rifu, yaani kile kipande cha gitaa kinachojirudia, ambapo waya unavutwa nusunusu hadi unasikika kama kaseti iliyolowa. Your Decision inakurudisha kwenye Jar of Flies. Wimbo wa mwisho, wenye jina la albamu, ni wa kumuaga Staley, na piano inapigwa na Elton John. Rainier Fog ya 2018 ni ya pili kwa ubora, fupi kiasi na yenye pumzi. Sehemu yake walirudi kuirekodi Seattle, kwenye jengo lilelile la studio ya albamu ya 1995. Kati ya hizo mbili ipo The Devil Put Dinosaurs Here ya 2013, dakika 67, na hapo siwatetei. Hollow, Stone na Voices ni nyimbo kamili. Zilizobaki zina mwendo mmoja na rangi moja, na ukifika wa nane unaangalia saa.

Mikusanyo ya nyimbo bora iache. Greatest Hits ya 2001 ina nyimbo 10 tu na inachanganya mikono ile miwili bila kukuonya, ugonjwa uleule uliokupata. Ila zitafute nyimbo mbili nje ya albamu, Get Born Again na Died, zilizorekodiwa 1998 na kuwekwa kwenye seti ya Music Bank ya 1999. Ni za mwisho kabisa Staley kurekodi na bendi.

Kuhusu gitaa lako. Hujalityuni vibaya. Umelityuni katika Mi (E) ya kawaida, na wao karibu siku zote wameshusha nyuzi zote kwa nusu hatua. Kuanzia waya mnene ni Eb, Ab, Db, Gb, Bb, Eb. Programu nyingi za kutyuni zitakuonyesha D#, G#, C#, F#, A#, D#. Ni noti zilezile, usibabaike. Shusha kila waya chini kidogo ya noti unayoitaka, kisha panda taratibu mpaka uifikie. Ukiishia kwa kushusha, waya unabaki na ulegevu kwenye ufunguo na baada ya nyimbo mbili umeshashuka tena. Ukimaliza zote sita rudi ya kwanza, kwa sababu shingo ya gitaa imepungukiwa mzigo na noti za mwanzo zitakuwa zimepanda kidogo.

Kama nyuzi zako ni seti nyembamba ya 9 (namba ya unene wa waya mwembamba kuliko zote), zitakuwa legelege na zitapiga kelele kwenye feti, vile vyuma vya shingoni. Tumia seti ya 10 hadi 46 kwenye gitaa la umeme. Gitaa kavu lenye seti ya 12 halina shida, tena vidole vitakushukuru. Lakini likiwa gitaa la umeme lenye daraja linaloelea, lile la mkono wa kutikisa, ujue kila waya unaoushusha unazivuta nyingine juu. Itabidi uzunguke nyuzi zote mara nne au tano, na huenda ukalegeza springi za nyuma.

Nutshell, ubeti wake, ni maumbo ya Em, G, D na C juu ya tyuni hiyo. Hutaki kugusa tyuni? Weka kapo (kibanio cha nyuzi) feti ya kwanza upige Dm, F, C na Bb. Utaangukia sauti ileile ya rekodi. Usiweke kapo ukabaki na Em, hapo utakuwa umepanda wakati wao wameshuka, na mpishano utakuwa hatua nzima.

Them Bones inahitaji zaidi. Baada ya kushusha nusu hatua, waya mnene unauteremsha hatua nzima tena, kutoka Eb hadi Db. Hapo kodi (chord) nzito unaibana kwa kidole kimoja kwenye nyuzi tatu nene. Waya wa 46 utalegea mno. Weka wa 50 au 52. Tatizo la pili ni hesabu. Rifu ya ubeti ina nusu-pigo 7 (7/8), haina 8. Kosa la kila anayeanza ni kuongeza pigo moja bila kujua, kwa sababu mwili unataka kukamilisha nane, na ukishaongeza mara moja umeshaachana na dramu. Hesabu kwa mdomo moja hadi saba huku ukigonga mguu, bila gitaa, dakika tano nzima. Halafu ongeza gitaa kwa asilimia 60 ya kasi. Kiitikio kinarudi kwenye 4 za kawaida, na hapo kwenye mpito ndipo watu huanguka. Fanyia mazoezi mpito wenyewe, mizunguko miwili ya ubeti na miwili ya kiitikio, kabla ya kuupiga wimbo wote.

Distosheni ipunguze kuliko unavyodhani. Watu husikia uzito wa Dirt wakafungua geni (kitufe cha kuongeza mkwaruzo) hadi mwisho na kukata sauti za kati, matokeo yake nyuki kwenye chupa. Uzito ule unatokana na tabaka. Geni nusu, sauti za kati juu kidogo ya nusu, besi chini ya nusu, kisha jirekodi mara mbili, moja kushoto na nyingine kulia, bila kunakili ile ya kwanza. Ukinakili, pande mbili zitafanana kabisa na utasikia gitaa moja tu katikati, limepaa sauti.

Na Jumamosi jioni rudisha nyuzi kwenye Mi. Zipandishe robo robo, zote sita kwa pamoja, zivute kidogo kwa vidole, liache gitaa dakika 10, kisha lityuni tena. Ukingoja Jumapili asubuhi, katikati ya ibada nyuzi zitakuwa bado zinatafuta mahali pa kukaa, na kinanda cha kanisa hakitakusubiri.